Kosa Liende Kwenye Logi, Lisimfikie Mgeni

Fungua tovuti yako sasa hivi, kisha uichokoze kidogo. Kama kuna anwani inayoishia na bidhaa.php?id=12, futa kila kitu kuanzia ile alama ya kuuliza, halafu bonyeza Enter. Ukipata ukurasa wa kawaida, au maneno kama "bidhaa haikupatikana", hapo umepita jaribio la kwanza. Ukipata mstari wa namna hii, kazi yako ya leo umeshaijua:

Warning: Undefined array key "id" in /home/mfano/public_html/bidhaa.php on line 27

Usome kama angeusoma mtu mwenye nia mbaya. Ameshajua unatumia PHP, tena toleo la 8, maana PHP 7 ingesema "Undefined index". Ameshajua faili zako zimekaa folda gani kwenye diski. Na lile neno linalofuata baada ya /home/ ni jina la akaunti yako. Kwenye seva nyingi za cPanel ndilo jina lile lile unaloandika unapoingia. Kilichobaki kwake ni kubahatisha nenosiri.

Njia ya faili peke yake haimwingizi mtu ndani, lakini inampunguzia kazi sana. Tuseme kuna upenyo wa SQL injection mahali pengine, na akaunti yako ya databesi ina ruhusa ya FILE. Anaweza kusoma faili zako kwa LOAD_FILE, au kuandika ya kwake kwa INTO OUTFILE. Ili ailenge folda ya tovuti yako, lazima ajue njia yake kamili. Wewe umeshamwandikia kwenye skrini.

Kwa hiyo shika jambo moja. Kosa liandikwe lote, kwa kirefu, mahali unapoliona wewe. Mgeni aambiwe kwa sentensi mbili kwamba kuna hitilafu, basi. Hatuzimi makosa, tunayaelekeza kwingine. Ukiyazima kabisa, siku tovuti itakapokufa hutakuwa na hata mstari mmoja wa kukuambia kilichoiua.

Anzia kwenye php.ini

Kwanza hakikisha unahariri faili inayosomwa kweli. Kwenye Ubuntu kuna php.ini zaidi ya moja: /etc/php/8.3/cli/php.ini ni ya terminali, na /etc/php/8.3/fpm/php.ini ni ya tovuti inayoendeshwa na PHP-FPM. Amri ya php --ini itakuonyesha ile ya terminali. Watu wengi huhariri hiyo, kisha wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Kama huna hakika, tengeneza faili ndogo yenye phpinfo, ifungue kwenye kivinjari, tafuta mstari wa "Loaded Configuration File", kisha ifute hapo hapo. Usiiache mpaka kesho. Ukurasa wa phpinfo nao unaanika njia za faili, tena nyingi kuliko kosa lolote.

Ukishaipata faili yenyewe, weka mistari hii:

display_errors = Off
display_startup_errors = Off
log_errors = On
error_reporting = E_ALL
error_log = /var/log/php/makosa.log
zend.exception_ignore_args = On

Usipunguze error_reporting. Hiyo inaamua makosa gani yahesabiwe, na wewe unayataka yote kwenye logi. Kinachozuia mgeni asiyaone ni display_errors.

Mstari wa mwisho usiuruke. Muunganisho wa databesi ukikataa, PHP huchapa orodha ya hatua zilizopitiwa pamoja na vitu vilivyopewa kila hatua. Kwenye matoleo mengi ya nyuma, kimojawapo kilikuwa nenosiri la databesi. PHP hukata maneno marefu baada ya herufi 15, kwa hiyo nenosiri fupi lilitoka zima. PHP 8.2 imeleta kinga ya kulificha, lakini bado seva nyingi zina matoleo ya chini ya hapo. Uwe na 8.2 au usiwe nayo, weka On.

Folda ya /var/log/php lazima iwepo, na mtumiaji anayeendesha PHP aweze kuandika humo. Kwenye Ubuntu mara nyingi ni www-data. Ukimaliza, washa upya huduma: systemctl restart php8.3-fpm. Bila hivyo mabadiliko yamebaki kwenye faili tu.

Unatumia Docker? Angalia hapa kwa makini. Picha rasmi ya PHP haiji na php.ini iliyowashwa. Inaweka mbili za mfano kwenye /usr/local/etc/php/, moja ya maendeleo na moja ya uzalishaji, halafu inakuachia uchague. Usipochagua, PHP inafuata mipangilio yake ya kuzaliwa, na kwa kuzaliwa display_errors imewashwa. Nakili php.ini-production iwe php.ini ndani ya Dockerfile yako.

Kisha funga kwa kufuli

Kuna tatizo ambalo php.ini haikumalizii. Plagini moja, au faili moja aliyoacha fundi wa zamani, inaweza kuwa na ini_set inayowasha display_errors tena. Mstari mmoja tu, na kazi yako yote imerudi nyuma.

Dawa yake iko kwenye faili ya pool ya PHP-FPM. Kwenye Ubuntu ni /etc/php/8.3/fpm/pool.d/www.conf. Ongeza:

php_admin_flag[display_errors] = off
php_admin_flag[log_errors] = on
php_admin_value[error_log] = /var/log/php/makosa.log

Kilichowekwa kwa php_admin hakiguswi na ini_set. Msimbo ujaribu utakavyo, hautaweza. Kama kuna hatua moja ya kufanya leo kabla hujalala, na seva ni yako, fanya hii.

Vilevile usitegemee kuandika ini_set juu ya index.php ili kuzima makosa. Faili hiyo ikikosa nukta-mkato mahali fulani, PHP inashindwa kuisoma kabla haijatekeleza mstari hata mmoja. Ile ini_set haifikiwi, na kosa linachapwa kama kawaida.

Kama umekodi nafasi kwenye seva ya pamoja, hutafika kwenye faili hizo. Ingia cPanel, fungua MultiPHP INI Editor, chagua tovuti yako, zima display_errors. Njia nyingine ni kuweka faili ya .user.ini ndani ya public_html yenye mistari ile ile ya display_errors na log_errors. PHP huisoma upya kila baada ya sekunde 300, kwa hiyo subiri dakika tano kabla hujasema imekataa.

Faili ya .user.ini yenyewe isipakuliwe na mtu. Apache kwa kawaida inazuia zinazoanza na .ht, si hii. Weka kwenye .htaccess:

<Files ".user.ini">
Require all denied
</Files>

Na usijaribu php_flag ndani ya .htaccess kama seva yako inatumia FPM. Hapo Apache haiielewi amri hiyo, na tovuti nzima itajibu kwa kosa la 500.

Ukurasa wa 500 wa kwako mwenyewe

Sasa mpe mgeni kitu cha kusoma. Andika 500.html ya HTML tupu: hakuna PHP, hakuna databesi, hakuna faili ya menyu inayoitwa kutoka kwingine. Ukurasa huu unatakiwa ufanye kazi siku ambayo vingine vyote vimegoma.

Kwenye nginx:

error_page 500 502 503 504 /500.html;
fastcgi_intercept_errors on;

Kwenye Apache tumia ErrorDocument 500 /500.html. Kama Apache inapeleka maombi kwa PHP-FPM kupitia proxy, ongeza ProxyErrorOverride On, la sivyo jibu la PHP litapita kama lilivyo.

Zingatia mpangilio wa kazi. Display_errors ikiwa imewashwa, PHP ikifa njiani hujibu kwa namba 200, ile ya "kila kitu sawa". Ikiwa imezimwa, hujibu 500. Kwa hiyo ukianza na ukurasa mzuri wa 500 huku PHP bado inachapa makosa, nginx haitauita kamwe, maana kwake hakuna kosa lililotokea. PHP kwanza, ukurasa baadaye.

Ukiwa kwenye faili hizo hizo, ficha na matoleo: server_tokens off kwenye nginx, ServerTokens Prod na ServerSignature Off kwenye Apache, expose_php = Off kwenye php.ini. Haya hayahusu njia za faili, ila yanachukua dakika moja. Na kwenye Apache weka Options -Indexes, folda isiyo na index isije ikaorodhesha kilichomo.

Makosa unayoyachapa wewe mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Wamezima kila kitu kwenye seva, lakini msimbo wao wenyewe unachapa kosa kwa mkono. Ule mtindo wa or die(mysqli_error($conn)) umejaa kwenye mafunzo ya PHP, na display_errors haiuzuii hata kidogo. Kwa PHP hilo ni andiko lako tu, kama "Karibu dukani".

Yatafute yote kwa mkupuo:

grep -rnE "mysqli_error|getMessage|getTraceAsString|var_dump|print_r" --include="*.php" .

Pitia mstari mmoja mmoja. Kila kinachomfikia mgeni, kielekeze kwenye logi. Usihariri ndani ya folda ya vendor; hizo si faili zako, na sasisho lijalo litafuta kazi yako.

Badala ya kutawanya try na catch kila kona, weka mpokeaji mmoja wa makosa kwenye faili inayoitwa mwanzo wa kila ukurasa:

set_exception_handler(function (Throwable $e) {
    $namba = bin2hex(random_bytes(4));
    error_log($namba . ' ' . $e);
    http_response_code(500);
    echo "Samahani, kuna hitilafu upande wetu. Namba ya kumbukumbu: $namba";
});

Hiyo namba ya kumbukumbu itakusaidia kuliko unavyodhani. Mteja anakutumia WhatsApp: "Nimelipia lakini imeniletea 9f3a1c07." Unaingia kwenye seva, unaandika grep 9f3a1c07 /var/log/php/makosa.log, na kosa lenyewe liko mbele yako pamoja na faili na mstari. Humwombi mteja picha ya skrini, na yeye hajaona kitu asichopaswa kukiona. Kumbuka tu, kama umewasha fastcgi_intercept_errors, nginx itaweka 500.html mahali pa ujumbe huu. Chagua kimoja: ama namba, ama ukurasa wa nginx. Mimi kwa duka la mtandaoni ningechagua namba, na 500.html ningeiachia zile 502 hadi 504, pale PHP yenyewe inapokuwa haipo.

Halafu punguza makosa yenyewe. Mgeni akiandika ?id[]=1 badala ya ?id=1, PHP inapokea orodha mahali ulipotarajia namba. Ukiipitisha kwenye trim au htmlspecialchars, PHP 8 inatupa TypeError na ukurasa unakufa. Pokea hivi:

$id = filter_input(INPUT_GET, 'id', FILTER_VALIDATE_INT);

Ikikosekana unapata null. Ikiwa takataka au orodha unapata false. Kwa vyote viwili mwambie mgeni bidhaa haikupatikana, uendelee.

Kama una API inayohudumia app ya simu, iangalie pia. Skrini ya simu inaweza kuonyesha "Jaribu tena" kwa upole, huku JSON iliyo nyuma imebeba "file", "line" na "trace" kamili. Anayeitafuta haangalii skrini.

WordPress na wenzake

Kwenye WordPress, WP_DEBUG ibaki false kwenye tovuti iliyo hewani. Ukilazimika kuiwasha ili kutafuta kosa, fanya hivi:

define('WP_DEBUG', true);
define('WP_DEBUG_DISPLAY', false);
define('WP_DEBUG_LOG', '/home/mfano/logi/wp.log');

Kuandika njia kwenye WP_DEBUG_LOG kunawezekana tangu WordPress 5.1. Ukiweka true tu, logi inaangukia wp-content/debug.log, na yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kuipakua ikiwa seva haijaizuia. Ifungue sasa kwenye tovuti yako. Ikitokea, ihamishe na ile ya zamani uifute.

Usidhani WP_DEBUG ya false inatosha. Makosa makubwa bado hufuata php.ini. Tena, mtu akiita moja kwa moja faili iliyo ndani ya wp-includes, wp-config.php haisomwi, kwa hiyo uliyoyaandika humo hayapo. WordPress wenyewe wanasema hilo ni suala la mipangilio ya seva, si kasoro ya programu yao. Kwenye plagini unayoandika wewe, kila faili ianze na:

if ( ! defined( 'ABSPATH' ) ) exit;

Laravel inataka APP_DEBUG=false kwenye .env, kisha php artisan config:cache. Hili usilichukulie poa. Mwaka 2021 ilitangazwa kasoro iliyopewa namba CVE-2021-3129 kwenye Ignition, kile kifurushi kilichokuwa kikichora ukurasa wa makosa wa Laravel. Matoleo ya kabla ya 2.5.2 yalimruhusu mtu asiye na akaunti kuendesha msimbo wake kwenye seva, mradi debug imewashwa. Pale ukurasa wa makosa ndio uliokuwa mlango. Hakikisha pia tovuti inaelekezwa kwenye folda ya public, si folda kuu ya mradi. Kwenye seva za pamoja watu humwaga mradi wote ndani ya public_html, na .env yenye nenosiri la databesi inabaki inapakulika.

Django: DEBUG = False, na ujaze ALLOWED_HOSTS, la sivyo kila ombi litajibiwa 400. Najua kwa nini wengi huiacha True. Wakiizima, CSS na picha zinapotea, kwa sababu runserver inaacha kuzihudumia. Suluhisho ni collectstatic pamoja na WhiteNoise, au nginx izihudumie yenyewe. Ni kazi ya nusu saa, na haina haja ya kuacha debug wazi.

Express: weka NODE_ENV=production kwenye mazingira ya seva, na mpokeaji wake wa kawaida wa makosa ataacha kutuma stack kwa mgeni. Tomcat: kwenye server.xml ongeza ErrorReportValve yenye showReport="false" na showServerInfo="false". ASP.NET ya zamani: customErrors iwe RemoteOnly au On, isiwe Off.

Logi nayo ni siri

Umekusanya makosa yote mahali pamoja. Sasa palinde. Logi isikae ndani ya public_html hata kwa jina gumu la kubahatisha. Iweke juu yake, mfano /home/mfano/logi/, na faili yake uipe ruhusa 640. Weka logrotate, isije ikajaza diski usiku mmoja kwa sababu ya onyo linalojirudia.

Isome pia. Hata mara moja kwa wiki inatosha. Mstari unaojirudia mamia ya mara ni kosa la kurekebisha, na anwani moja ya IP inayozalisha makosa ya ajabu ajabu ni mtu anayekupima.

Jipime kabla hujapimwa

Rudi nje, ujaribu kama mgeni. Tumia curl:

curl -gs "https://tovuti-yako/bidhaa.php?id[]=1" | grep -nE "/home/|/var/www/|on line|Stack trace"

Hiyo -g usiisahau. Bila yake curl inayachukulia yale mabano kama amri yake na inakataa kutuma ombi. Kimya ndicho jibu unalolitaka.

Jaribu na kuki. Kwenye vifaa vya msanidi vya kivinjari, badilisha PHPSESSID iwe alama zisizoeleweka, kisha pakia upya ukurasa. Jaribu kupakia faili ya aina isiyoruhusiwa. Jaribu namba hasi, na namba yenye tarakimu 30.

Usiamini macho peke yake. Onyo la PHP linaweza kuchapwa katikati ya kisanduku cha fomu au ndani ya sifa ya HTML, na kivinjari kisilionyeshe. Bonyeza Ctrl+U, kisha tafuta "Warning" kwenye chanzo cha ukurasa.

Halafu uliza Google: andika site: ikifuatiwa na jina la tovuti yako, na maneno "on line" ndani ya alama za kunukuu. Ukikuta kurasa zenye makosa zimeshahifadhiwa, rekebisha kwanza, kisha omba ziondolewe kupitia Search Console. Kama jina la akaunti yako ya cPanel limeshaonekana huko, badilisha nenosiri leo na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Jina lililokwisha kutoka halirudi.

Kila unapohamia toleo jipya la PHP, rudia haya yote. Mipangilio ya /etc/php/8.3 haihamii /etc/php/8.4 yenyewe, faili mpya inakuja na mipangilio yake, na pool mpya inakuja bila kufuli yako. Ukihama kampuni ya kuhifadhi tovuti, ni vivyo hivyo. Iweke ile amri ya curl kwenye skripti unayoiendesha kila unapopeleka mabadiliko hewani, na skripti isimame ikiona /home/ kwenye jibu.